Tangi la nyoka wa mchangani: mkeka umetoka, taa imeingia

Tangi ni la kioo, sentimita 90 kwa 45 kwa 45, lenye mfuniko wa wavu wa chuma. Atakayekaa humo ni Eryx colubrinus, nyoka mfupi mnene ambaye wafugaji wa Uingereza humwita kwa jina la Kenya. Kwao ni nchi kame, kuanzia kaskazini mwa Tanzania, Kenya na Somalia, kupanda Ethiopia na Sudan hadi Misri. Jike hufikia sentimita 80 hivi, dume ni mdogo sana kwake. Macho yake yako karibu na utosi, hivyo mwili wote huzama mchangani yakabaki macho tu yanachungulia. Tabia hii ya kujichimbia ndiyo iliyoamua karibu kila kifaa hapa.

Lengo la mchana: jiwe la upande wa moto nyuzi 34 hadi 36 za sentigredi, upande wa baridi 24 hadi 27. Usiku pasipungue 21 popote. Chumba kiko Leicester, Uingereza, na Januari hita ya nyumba ikizimwa kinashuka hadi 17.

Siku ya 1 hadi ya 3

Mkeka wa joto wa wati 16 chini ya theluthi moja ya sakafu, juu yake sentimita 10 za mchanga uliochanganywa na udongo. Kihisio cha themostati, kifaa cha kudhibiti joto, kiliwekwa juu ya mchanga, kama wengi wanavyofanya, themostati ikategwa 32. Baada ya saa sita: juu ya mchanga 28, kioo cha chini 46.

Mchanga mkavu haupitishi joto upesi. Themostati inasoma baridi ya juu, inazidi kuruhusu umeme, na joto linajazana chini lisikoonekana. Sasa mtie nyoka humo. Akizidiwa na joto atafanya analolijua: kuchimba. Kwao kushuka chini ni kulikimbia jua. Humu ni kulikimbilia jiko. Tena nyoka huungua tumbo akiwa ametulia tuli, bila kujitoa, na magamba mekundu huonekana wakati jeraha limeshaingia.

Jaribio la pili, kihisio kikabanwa kati ya mkeka na kioo, themostati 33. Kioo kikasimama 33 barabara, lakini juu ya mchanga hapakuzidi 23. Salama, ila haifai kitu kwenye chumba cha nyuzi 17. Mkeka wa namna hii una kazi yake kwenye boksi la plastiki lililotandikwa karatasi nyembamba. Kwa mchanga wa kina umetolewa. Mawe ya umeme yanayouzwa madukani hayakufikiriwa hata kidogo: hupata moto sehemu moja na kuacha nyingine.

Siku ya 4 na ya 5

Taa ya halojeni ndani ya kofia ya chuma, juu ya wavu, sentimita 33 kutoka kwenye jiwe bapa. Wati 75 bila themostati: jiwe lilifika 49 kwa dakika 90. Wati 50: likaishia 40. Hiyo ya wati 50 ndiyo iliyobaki, kwa sababu moja: chagua balbu ndogo kabisa inayolipita lengo kidogo tu. Siku themostati ikigoma kuzima, jiwe la 40 nyoka analihama. Tangi lenye balbu kubwa linageuka tanuri.

Themostati ya halojeni iwe ya kufifisha mwanga. Ile ya kuwasha na kuzima inaifanya taa ipepese mchana kutwa na waya wake wa ndani ukatike mapema. Ikategwa 35, na vipimo vikawa hivi: juu ya jiwe 35, sentimita 5 chini ya mchanga 30, sakafuni 25. Sasa akichimba, anapoa.

Kihisio kimegundishwa ukingoni mwa jiwe kwa silikoni ya matangi ya samaki. Tepu isiingie ndani ya tangi kamwe. Gundi yake hushika magamba na kuchubua ngozi. Na kihisio kisiachwe kikining'inia, maana nyoka akikisogeza upande wa baridi, au bakuli la maji likakimwagikia, themostati itasoma chini na taa itawaka kwa nguvu zote.

Usiku

Balbu nyekundu na za buluu, hapana. Nyoka anahitaji giza, na rangi hizo anaziona. Halojeni inazimwa na taima baada ya saa 12, kisha kiyoto cha kauri cha wati 60, kisichotoa mwanga, kinashika zamu kwa themostati yake kikitegwa 22. Uso wake hupita nyuzi 200, kwa hiyo holda iwe ya kauri, si plastiki, na kofia ikae katikati ya wavu bila kugusa fremu ya plastiki ya mfuniko. Usiku wa kwanza kona ya mbali ilishuka hadi 20. Vipande vya gome la koki vya unene wa milimita 10 nje ya kuta tatu viliipandisha hadi 22.

Mwanga

Tyubu nyembamba ya mwanga (T5) ya wati 24 yenye urujuanimno, miale isiyoonekana kama ile ya jua, wa asilimia 6, juu ya wavu. Wavu unakula kama theluthi ya miale hiyo. Kioo kingeizuia karibu yote. Wengi wamefuga nyoka huyu miaka bila tyubu hii, lakini iliyo dhaifu, yenye kivuli cha kukimbilia, naona ina faida kuliko hasara. Ibadilishwe kila mwaka hata ikiwa bado inang'aa: mwanga hubaki, miale huisha.

Umeme

Jumla ni wati 134, hata ampea moja haifiki. Plagi za Uingereza, zile zile za Kenya na Tanzania, mara nyingi huja na fyuzi ya ampea 13. Humu imewekwa ya 3. Kila waya unashuka chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili maji yakifuata waya yadondoke sakafuni.

Siku ya 6

Halojeni imepewa themostati ya pili, ya kukata umeme tu, ikitegwa 38, na kihisio chake chini ya ukingo wa pili wa jiwe. Kuijaribu, kihisio cha kwanza kiling'olewa na kuachwa mezani. Taa iliwaka kikamilifu, jiwe likapanda, na ya pili ikakata baada ya dakika 25. Kihisio kimegundishwa upya. Silikoni ina saa 48 za kukauka na harufu yake ya siki kuisha.