Duara la ndimu kwenye kisahani: ni tindikali au ni ndimu?

Tia maji ya ndimu kwenye kitundu cha agari (ute ulioganda wa kuoteshea vijidudu) iliyopakwa bakteria wa Staphylococcus aureus, na kesho yake utakuta duara safi ambamo hakuna kilichoota. Wengi huishia hapo na kuandika kwamba ndimu ni dawa. Lakini maji ya ndimu yana tindikali ya sitriki karibu asilimia 6, na pH yake (kipimo cha ukali wa tindikali; 7 si tindikali wala besi) huwa kati ya 2 na 2.5. Katika ukali huo bakteria wengi hawaoti, hata pasingekuwa na ndimu.

Kwa hiyo toboa vitundu vinne vya milimita 6 katika kisahani kimoja, kila kimoja mikrolita 50: maji ya ndimu yalivyo, maji yaleyale yakiwa yamefikishwa pH 7 kwa sodiamu haidroksaidi, tindikali ya sitriki tupu ya asilimia 6, na maji yaliyotakaswa. Duara likipotea kwenye kitundu cha pili na kubaki kwenye cha tatu, ulichopima ni tindikali tu.

Agari iwe ya aina ya Mueller-Hinton, kina cha milimita 4. Ikizidi, duara husinyaa na utadhani dawa ni dhaifu. Linganisha utusitusi wa maji yenye bakteria na McFarland 0.5, kipimo sanifu cha utusitusi huo, paka ndani ya dakika 15, kisha acha nyuzi 35 kwa saa 18 hadi 24.

Maganda yana mambo yake. Yakaushe kivulini, kwa sababu jua hufukuza mafuta unayoyatafuta. Saga, loweka gramu 10 katika mililita 100 za ethanoli ya asilimia 70 kwa saa 48, chuja, halafu vukiza kwa nyuzi 40 mpaka ethanoli yote iishe. Ikibaki, inaua yenyewe. Ukiyeyusha masalio kwa kiyeyushi cha DMSO, lazima kiwepo kitundu cha DMSO peke yake.

Mafuta ya maganda, ambayo sehemu yake kubwa ni limonene, usiyahukumu kwa duara hata kidogo. Hayachanganyiki na maji, hivyo hayasambai ndani ya agari. Yapime kwenye mchuzi wa virutubisho, ukiyapunguza nusu kwa nusu, na Tween 80 (kichanganyishi cha mafuta na maji) ya asilimia 0.5 iyashike. Tarajia bakteria wa E. coli kuhimili zaidi ya Staphylococcus, kwani utando wake wa nje huzuia mafuta kupenya.

Usumbufu huu wote una sababu. Mwaka 1999 watafiti wa Greifswald, Ujerumani, walipima bidhaa sita za dondoo la mbegu za balungi zilizokuwa zikiuzwa. Tano ziliua vijidudu, na zote tano zilikuwa na benzethoniamu kloraidi, kihifadhi cha kiwandani. Ya sita haikuwa na kihifadhi chochote, wala haikuua kitu.