Kulisaka jivu la volkano kwenye tope la ziwa, kwa hadubini ya shule

Kila mwaka nikifika somo la volkano, wanafunzi huniuliza: Mwalimu, Menengai ililipuka lini, na italipuka tena? Mlima huo wa volkano wanauona dirishani hapa Nakuru, kwa hiyo jibu la "zamani sana" haliwatoshi. Kinachojulikana ni kwamba mlipuko wake mmoja mkubwa, miaka kama 36,000 iliyopita, ulitawanya jivu hadi upande wa Ziwa Victoria. Wataalamu walilitambua huko kwa kupima kemikali za chembe za kioo (lava iliyopoa ghafla) zilizomo ndani yake. Mashine ya kazi hiyo mimi sina. Nilitaka hatua ya mwanzo tu: kujua kama ukanda wa kijivu kwenye ukuta wa timbo ni jivu lililoanguka kutoka angani au ni udongo uliosombwa na maji.

Jivu likianguka nchi kavu mara nyingi halidumu. Mvua hulizoa, jembe hulichanganya. Likitua chini ya maji matulivu hufunikwa na tope na kubaki lilivyo, na ndiyo sababu wanajiolojia huhangaika kwenda baharini. Mwaka 1972 meli ya utafiti ya Glomar Challenger ilitoboa sakafu ya Ghuba ya Aden, na majivu yaliyopatikana kwenye tope lile yakaja kuoanishwa na matabaka ya majivu ya bonde la Turkana. Nakuru hatuna bahari, lakini kuelekea Gilgil ipo sakafu ya ziwa la kale iliyobaki pakavu, tangu enzi maji ya Nakuru na Elmenteita yalipokuwa ziwa moja.

Mwenye timbo aliniruhusu kwa sharti moja: "Mwalimu, ukipata dhahabu tugawane." Nikamwambia, "Mzee, nikiipata hutanisikia tena nikidai karo."

Nilikwangua ukuta kwa panga hadi matabaka yakajitokeza, kisha nikachukua udongo wa chini, wa katikati na wa juu ya ukanda, kila mmoja na mfuko wake. Nyumbani niliuloweka kwa siki ili chokaa itoke (ikiwepo utaona mapovu), nikausuuza, nikaulaza usiku kucha ndani ya peroksaidi ya duka la dawa ili mabaki ya mimea yaliwe. Baada ya hapo ni kukoroga, kungoja kidogo na kumwaga maji machafu, mara nyingi, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Usiwe na haraka hapa. Tope laini likibaki hutaona chochote.

Kazi ngumu ilikuwa diatomi. Hivi ni viumbe vidogo vya majini vyenye gamba la silika, na eneo letu limejaa. Udongo mweupe unaochimbwa Kariandusi ni wao watupu. Nilibandua plastiki za kuchuja mwanga, za mbele na nyuma ya skrini ya kalkuleta mbovu, moja nikaiweka chini ya slaidi, nyingine juu ya lenzi ya jicho, nikaizungusha hadi giza likaingia. Fuwele za madini ziling'aa kwenye giza hilo. Kioo cha volkano haking'ai. Ila diatomi nazo hazing'ai! Basi ikabaki kutazama maumbo. Diatomi ina mpangilio wa vitundu, kama iliyotobolewa kwa sindano. Kioo cha volkano ni kigae chenye ncha kali na mikunjo, kwa sababu ni ukuta wa povu la gesi lililopasuka.

Sampuli ya chini ilikuwa vigae vitupu, vikubwa, vikali, na mpaka wake na tope la chini ulikuwa umekatika wazi. Kupanda juu chembe zikawa ndogo. Hilo ni jivu lililoanguka. Sehemu ya juu ilikuwa na diatomi tele na punje zilizosuguliwa mviringo: jivu lililoletwa baadaye na mvua kutoka vilimani.

Tofauti hiyo si ya kitaaluma tu. Ukipima unene wote bila kuitenga, utadhani mlipuko ulikuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa. Baharini mtego ni mbaya zaidi: mwaka 2003, kisiwani Montserrat huko Karibiani, kuba la lava (rundo la lava nzito) la volkano ya Soufrière Hills liliporomoka na sehemu kubwa ikaishia baharini, kwa hiyo tabaka nene chini ya maji huenda ni maporomoko, si mvua ya jivu. Kwa mtu wa Nakuru anayekinga maji ya mvua kwenye paa la mabati, swali ni unene wa jivu lililoanguka, kwa kuwa jivu likilowa huwa zito na paa linaweza kubonyea.

Mwanafunzi mmoja aliuliza nimejuaje si jivu la volkano nyingine za jirani, Longonot au Eburru. Sijajua, na kwa hadubini hii hakuna atakayejua, vigae vinafanana. Nimeziweka chembe za chini kwenye chupa, na lebo ya mahali na kina, zikingoja maabara yenye mashine.