Jua si litatoka tena kesho?

Ndugu zangu mlioko mbali, mkirudi jiandaeni kwa jambo ambalo mimi hakuna aliyeniambia: jua la nyumbani halisubiri mtu.

Miaka yote niliyokaa kaskazini mwa dunia nilibeba moyoni zile jioni mnazozijua. Jua limelala juu ya miti, vumbi la uwanjani limegeuka dhahabu, mpira hauishi, na sauti ya mama ya kutuita ndani inakuja mwisho kabisa, giza limeshatukuta. Huzuni iliponizidi ugenini nilifumba macho nikarudi kwenye jioni hizo, nikaombea humo humo. Hakuna mahali pengine nilipomwona Mungu kwa wepesi kama pale. Kwa hiyo siku ya kufika niliacha mizigo haijafunguliwa, nikatoka nje, nikaelekea magharibi. Jua likagusa upeo, likamegeka, likaisha. Nilikuwa nimemwita dada yangu aje tutazame wote. Alipotokea mlangoni akifuta mikono, kulibaki wekundu kidogo mawinguni, na huo nao ukatoweka tungali tunaitikia salamu za majirani.

Niliona kama nimenyang'anywa kitu changu.

Sababu yake ni hii. Karibu na Ikweta jua hushuka wima. Likishagusa upeo huchukua dakika 2 na ushei kuzama lote, na ule utusitusi wa kuweza bado kutambua sura ya mtu hauzidi sana dakika 20. Stockholm, nchini Uswidi, mwezi Juni, jua huteremka kwa mshazari. Kuzama kwake tu kunapita dakika 6, na baada ya hapo anga halipati kuwa jeusi kabisa mpaka kunakucha. Ukiwa kule unaweza kusema ngoja nimalize hiki kwanza, na ukitoka unakuta rangi bado zipo. Nyumbani ukisema ngoja, basi tena. Zile jioni za utoto hazikuwa ndefu hata kidogo. Tulikuwa nje muda wote, na katika dakika zile chache hatukukosa hata moja.

Hata hivyo kasi ya jua haikunikosesha usingizi. Kilichonikosesha usingizi ni swali la mpwa wangu. Jioni ya pili nilimkuta amekaa na wakubwa, migongo yao wote ikiwa imeelekea dirisha, nikamwambia, njoo haraka tuwahi jua. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, akauliza: "Mjomba, kwani si litatoka tena kesho?" Wakubwa wakacheka. Mmoja akasema, huyu katoka Ulaya anashangaa jua. Wakaendelea na mazungumzo yao.

Mimi nimeishi mahali ambapo halitoki kesho. Tromsø, kaskazini mwa Norwei, jua huaga mwishoni mwa Novemba na halionekani tena mpaka katikati ya Januari. Saa ya ukutani inasema ni saa mbili asubuhi, na dirishani ni usiku uleule wa jana. Wenyeji wanawasha taa kwenye kila dirisha, wanakwenda kazini, wanarudi, wanacheka. Mwili wangu ulikataa. Nilikuwa nikisoma Mwanzo 8, pale Mungu baada ya gharika anapoahidi kwamba maadamu dunia ipo, mchana na usiku havitakoma, na nikimuuliza waziwazi: Bwana, umenileta wapi ambako neno hili halifiki?

Jibu lilikuja adhuhuri moja ya Desemba, upande wa kusini. Jua lilikuwa chini ya upeo kwa nyuzi 3 hivi, karibu mno ingawa halionekani, na nuru yake ilikuwa imepanda: waridi chini, zambarau juu yake, na theluji yote mpaka milimani imeshika buluu. Ikakaa, ikafifia polepole. Kesho yake, saa sita mchana, ikarudi. Siku za mawingu mazito ilikuwa weupe hafifu tu, lakini ilirudi. Yalikuwa macheo na machweo kwa wakati mmoja, na jua lenyewe halimo. Katika Yeremia 33 Mungu anakuita kuja huku kwa mchana na usiku agano: anasema, kama mnaweza kulivunja agano langu la mchana na la usiku, visije kwa majira yake, ndipo na agano langu na Daudi litavunjika. Nilisimama kwenye baridi ile nikaelewa kwamba nililokuwa nikiliangalia ni neno linatimizwa, mbele yangu, pale ambapo nilidhani limeshindwa. Kama mtu ananiuliza nilimwona Mungu wapi miaka ile, namjibu bila kusita: kusini, adhuhuri, Desemba.

Sasa mtu aliyepita huko anarudi kwao, ambako mchana ni wa takriban saa 12 mwaka mzima na hakuna asubuhi hata moja iliyowahi kukosa jua lake, halafu anaambiwa si litatoka tena kesho. Mtoto simlaumu. Amesema imani, na imani yenyewe ni sahihi kuliko ya wengi wanaoimba kwa sauti. Wananiuma watu wazima, waliogeuza uhakika huo kuwa sababu ya kutotazama. Mungu akitimiza ahadi mara moja kwa mwaka, watu hujaa milimani. Huko Tromsø siku jua linaporudi watu hutoka nje kulipokea, wengi wao hata si watu wa dini. Akiitimiza kila siku bila kukosa, tunampa mgongo. Nashindwa kulizoea jambo hili, na nikisema nyumbani naonekana ninajivuna kwa kusafiri. Sijivuni. Nimeona upande wa pili wa zawadi hii, na upande ule ni giza.

Waislamu, kwa heshima yote, wametuzidi hapa. Sala ya Magharibi huingia jua linapozama na wakati wake hauvuki kufifia kwa wekundu wa angani, kwa hiyo jioni inawadai kila siku, watake wasitake. Niliowafahamu kule kaskazini, wakati wa kiangazi jua lisipozama kwa majuma, hulazimika kufuata ratiba ya mahali pengine, na walikuwa wakilizungumza kwa uchungu niliouelewa vizuri sana.

Kuna lingine limenisumbua, nalo ni wekundu wenyewe. Machweo ninayoyaona sasa ni mekundu kuliko ninayoyakumbuka, na watu wanaposema "tazama Mungu alivyochora" mimi pua yangu inasikia moshi. Jua likiwa chini kabisa, nuru yake hupita katika hewa nyingi, karibu mara 40 ya ile ya utosini. Buluu hutawanywa njiani na kinachotufikia ni njano na nyekundu. Moshi na vumbi vikiwa vingi, hata njano huzuiwa, na jua linabaki duara la damu. Mlima Krakatau, volkano ya Indonesia, ulipolipuka Agosti 1883, watu zaidi ya 36,000 walikufa, wengi wao kwa mawimbi ya bahari. Miezi michache baadaye chembe zake zilikuwa zimezunguka dunia, na mwezi Novemba baadhi ya miji ya Marekani iliwaita wazima moto kwa sababu ya machweo, watu wakidhani ni moto. Rangi zilezile zilizowaduwaza walio mbali zilitoka kwenye kilichowaua wengine. Kwa sababu hiyo siwezi kusema kwamba rangi ikizidi, Mungu yuko karibu zaidi. Kumbukumbu la Torati 4 linaonya tusije tukainua macho, tukaliona jua na mwezi na nyota, tukavutwa kuvisujudia. Kurani inamsimulia Ibrahimu akilitazama jua, na lilipotua akajitenga nalo akaelekea kwa aliyeliumba. Uwepo ninaouzungumza nauona katika kule kuja kwenyewe, kila siku, kwa waovu na wema kama alivyosema Yesu, iwe rangi zipo au anga ni kijivu kitupu.

Mnaorudi, basi, na mliobaki mkipenda, fanyeni hivi. Tokeni mapema, robo saa kabla. Simu iacheni ndani. Nimetazama watu wakifika, wakipiga picha tatu, wakiinamia kioo kuchagua iliyo bora, na zile dakika 2 zimekwisha wakiwa bado wameinama. Picha wamepata, wenyewe hawakuwapo. Jua lenyewe msilikodolee macho likiwa bado linachoma. Tazameni mawingu na uso wa dunia. Linapogusa upeo jueni kwamba kwa hesabu limeshashuka chini yake: hewa ndiyo inayoikunja nuru na kuliinua kwa kiasi cha kupita upana wake lenyewe. Mnaonyeshwa jua ambalo limeshakwenda. Mimi hapo huwa nasema asante kwa sauti.

Likishazama msiondoke. Mawingu ya juu bado yanaliona, na mara nyingi rangi nzito zaidi huja baadaye, watu wakiwa wameshaingia ndani. Na geukeni nyuma. Hili karibu hakuna anayelifanya. Upande wa mashariki, anga likiwa safi, utaona utepe wa buluu ya kijivu ukipanda kutoka chini, na juu yake utepe wa waridi. Ule wa buluu ni kivuli cha dunia yenyewe, kimetupwa angani. Usiku unaousubiri ndio ule, unapanda mbele ya macho yako, na una mpaka. Alfajiri kivuli hichohicho hushuka magharibi, na ukiamka kabla ya jua unaweza kukiona kikizama. Nilimwonyesha mpwa wangu. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama na sisi tumo ndani ya kivuli kile. Nikamwambia ndiyo, tumo, kila usiku, na bado hakuna usiku ambao Mungu amesahau kututoa.

Asubuhi nazipenda zaidi sasa. Hakuna kelele, hakuna wa kukucheka, na mtu anaweza kuimba Zaburi kwa sauti yake mbovu. Siku ya mawingu pia natoka. Nasimama, naona weusi ukigeuka kijivu, kijivu kikigeuka cheupe, nayaona majani yakirudishiwa kijani chake, na naomba.

Watu wa nyumbani wananiambia nipe miezi michache, nitazoea kama wao. Najua wanasema kwa upendo. Mimi kila alfajiri namwomba Mungu anyime kibali maneno yao, na mpwa wangu, ambaye sasa ananigongea mlango kabla sijaamka, nimemwambia aombe hivyo hivyo.