Karatasi ya chooni

Leo nimechana karatasi tatu za chooni kabla sijamaliza ubeti mmoja.

Tasnifu yangu ya uzamili inahusu ushairi kama sauti ya upinzani, na nimekwama kwenye sura ya Abdilatif Abdalla. Mnamjua: kijana wa Mombasa aliyekuwa na miaka 22 alipokamatwa Desemba 1968 kwa kijikaratasi cha kuikosoa serikali, "Kenya: Twendapi?", akafungwa miaka mitatu. Mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyatunga gerezani, akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Kitabu kilitoka 1973.

Sentensi hiyo nimeiandika mara nyingi sana. Ila leo mchana nikasema, hebu nijaribu mwenyewe.

Nikachukua kalamu ya wino. Mstari wa kwanza ukapasuka katikati.

Nikajifunza kuishika kalamu kama ninampapasa mtoto aliyelala. Huwezi kufuta, huwezi kukata neno. Kwa hiyo mizani nikazihesabu kwanza kwa vidole, nane kwa nane, vina vikae sawa kichwani, ndipo niandike.

Hapo mkono ukanitetemeka. Mimi nilikuwa mezani, mlango wazi, chai pembeni.

Miezi yote hii nimekuwa nikihesabu sitiari zake. Kesho naanza sura upya, na naanzia kwenye karatasi.

Jamani, kwenu kuna mzee anayekumbuka mashairi haya yalivyopokewa miaka ile? Niambieni hapa chini, au nitumieni ujumbe. Nitashukuru sana.