Nilivyofunga mwaka na timu ya mauzo ya sola msimu wa korosho

Ninaongoza timu ya mauzo ya sola za nyumbani katika wilaya za Tandahimba na Newala, mkoani Mtwara. Mwaka wetu wa hesabu unafungwa 31 Desemba, wakati ambao huku hela za korosho ndiyo zinazungumzwa kila kijiwe. Aliyeko mbali hudhani ni mteremko tu. Lakini mkulima anaanza kuvuna Oktoba, anapeleka mzigo AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), unapimwa, unakwenda ghala kuu, unasubiri mnada, mnunuzi analipa, na hapo ndipo hela inaingia kwenye akaunti yake. Ndiyo stakabadhi ghalani, mfumo tulio nao kwenye korosho tangu 2007. Kwa hiyo mtu anaweza kuitaka sola kwa moyo wote, ana magunia yake ghalani, na mfukoni hana hata nauli ya boda.

Desemba iliyopita, Krismasi ilikaribia tageti ikiwa bado mbali na vijana wamechoka. Kila nyumba jibu ni moja: "Nikilipwa korosho." Muuzaji akilisikia kutwa nzima, jioni anaamini soko limekufa. Mimi nililipokea kutoka kwa timu nzima kila usiku, na nilianza kulala na simu mkononi nikisubiri meseji ya oda.

Kilichonirudishia nguvu ni kuufuata mnada wenyewe. Nilizunguka kwa makarani wa AMCOS nikauliza korosho za chama kipi zimeuzwa mnada upi, na malipo yamefika wapi. Yote nikayaandika kwenye daftari kubwa la kaunta, kila chama na ukurasa wake. Kuanzia hapo, saa moja asubuhi nikimpigia kijana wangu simu sikumuuliza leo atauza ngapi. Nilimuuliza, "Leo wanalipwa wa wapi?" Hilo ni swali ambalo anaweza kulijibu, na akishalijibu tayari anajua boda yake inaelekea wapi.

Nilizungumza pia na meneja wa kanda. "Bosi, naomba namba nikupe mara moja kwa siku, saa mbili usiku." Alikubali, na namshukuru hadi leo. Kiongozi anayeulizwa namba kila saa huishia kuwauliza vijana wake kila saa, na muuzaji anayejibu meseji za grupu hawezi kumsikiliza mteja aliye mbele yake.

Siku moja nilikwenda Kitangari na dada mmoja wa timu. Nje ya ofisi ya chama alikaa mzee.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hela bado."

Dada hakutaja bei. Aliuliza mzigo wake uliuzwa mnada gani, mzee akatoa stakabadhi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, wakaisoma pamoja. Kisha akamkabidhi taa. Mzee akaiwasha, akaizima, akaiwasha tena, akauliza kama inafika alfajiri. Wazee wa huku wanaukumbuka msimu wa 2018, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wengi wakasubiri sana malipo. Hawaagizi kitu mpaka meseji ya benki imeingia, na mimi naona wana haki. Dada alimwachia namba ya simu tu. Siku hela ilipoingia, mzee ndiye aliyepiga. Nilipata moyo mwingine kabisa, nikaisimulia habari hiyo kwa kila niliyempigia jioni ile.

Kwenye grupu niliacha kupanga majina kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Nilikaa na kila mmoja peke yake tukapiga hesabu ya kamisheni yake kwa shilingi, si kwa asilimia. Mmoja alikuwa anatafuta sare na madaftari ya mwanawe kwa ajili ya Januari, mwingine mabati ya kumalizia chumba. Tuliona pamoja zimebaki sola ngapi kufika hapo. Mtu akishajua hivyo, huhitaji kumpigia makofi.

Krismasi hatukufanya kazi. Kuna waliosema siku hiyo ni ya kukimbiza namba, ila timu iliyochoka inauza kwa kulazimisha, na sola iliyouzwa kwa kulazimisha hurudishwa.

Tageti tuliipita jioni ya tarehe 31, kwa oda za Mahuta, ambako malipo yalikuwa yameingia muda mfupi kabla. Wateja wa vyama vilivyokuwa bado vinasubiri hela niliwahamishia kwenye kurasa za Januari, na usiku uleule kila muuzaji nikamtumia majina ya kuanza nayo.