Mistari miwili, vimelea hamna

Asubuhi bibi mmoja alimrudisha mjukuu wake maabara. Shikamoo yangu hata hakuisubiri. Mtoto alimaliza dozi ya dawa mseto ya malaria wiki iliyopita, homa imekata, anakula vizuri, na muda wote tulipokuwa tunazungumza alikuwa akiufungua na kuufunga mlango wetu kama wa kwao. Lakini alipopimwa tena kwingine kwa kipimo cha haraka, mistari ilitoka miwili, yaani malaria ipo. "Mwanangu, dawa mliyotupa ni feki?"

Nilipaka damu kwenye slaidi, nikaitia rangi ya Giemsa inayoonyesha vimelea, nikakaa kwenye hadubini. Uwanja baada ya uwanja, chembe nyekundu safi, hakuna kimelea hata kimoja. Kipimo cha haraka kinasema malaria ipo, hadubini inasema haipo. Na vyote viwili vinasema kweli, kwa sababu kipimo cha haraka hakikuulizwa habari za kimelea.

Kinachoulizwa ni protini iitwayo HRP2. Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, akiwa ndani ya chembe nyekundu huitengeneza kwa wingi na kuimwaga kwenye damu. Imejaa asidi amino mbili, histidini na alanini, zinazojirudia-rudia kwa mpangilio unaofanana karibu protini nzima. Kingamwili iliyomo kwenye kipimo, nayo ni protini ya kunasia, hushika kipande kifupi tu cha mpangilio huo. Haishiki kwa nguvu moja kubwa. Hushika kwa vinguvu vingi vidogo: kiungo cha haidrojeni hapa, chaji chanya na hasi pale, sehemu zinazokwepa maji zikikutana na nyingine kama hizo. Kimoja kimoja havifai kitu. Vikikaa mahali pake vyote kwa pamoja, protini haitoki.

Kwa kuwa kipande hicho kinajirudia, protini moja inaweza kushikwa na kingamwili mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza husafiri na bafa, yale maji ya kipimo, ikiwa imebeba chembechembe za dhahabu. Ndiyo, dhahabu yenyewe, ila imesagika mno hadi rangi yake imekuwa nyekundu ya kuelekea zambarau. Ya pili imegandishwa kwenye mstari wa T, ule wa majibu, inasubiri. HRP2 ikipita, inanaswa katikati, dhahabu inarundikana, na wewe unaona mstari. Mstari wa C, ule wa kuhakiki kipimo, wala hauhusiani na malaria: wenyewe hukamata zile kingamwili zenye dhahabu, kuonyesha kwamba bafa imefika. Kwenye vipimo vingi utatokea hata ukisahau kutia damu, jambo ambalo wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo huwa hawaamini mpaka waone.

Sasa dawa ikiua vimelea, HRP2 haifi nao. Hubaki ikizunguka kwenye damu wiki kadhaa, pengine mwezi na zaidi. Nilimweleza bibi kwamba mstari ule ni wa mabaki ya ugonjwa uliokwisha. Akaniangalia kidogo, akauliza kama basi mtoto anaweza kurudi shule. Anaweza.

Mfano wa kufuli na ufunguo ambao sote tulikaririshwa shuleni, kwamba molekuli hushikana zikilingana umbo, ulitoka kwa Emil Fischer, mkemia wa Ujerumani, mwaka 1894. Alikuwa na glukosidi mbili, yaani sukari iliyoungwa na kitu kingine, zinazofanana kila kitu isipokuwa mkao wa kundi moja la atomu. Kimeng'enya cha hamira kikavunja moja na kuiacha nyingine. Emulsini, kimeng'enya cha lozi, ikafanya kinyume chake. Ni kazi safi sana. Mwaka 1958 Daniel Koshland wa Marekani akaongeza kwamba protini si chuma, nayo hujikunja kidogo inapokutana na mwenzake. Mimi malalamiko yangu kwa ule mfano ni mengine: unatufanya tudhani ufunguo unaijua nyumba. Haujui. Kingamwili haijawahi kuona kimelea, wala mtoto mwenye homa. Inajua kona moja ya protini moja, basi.

Na kimelea kinaweza kuishi bila kona hiyo. Watafiti nchini Peru waliripoti mwaka 2010 vimelea vya falciparum vilivyopoteza jeni ya HRP2, na baadaye vikaonekana kwa wingi Eritrea, Djibouti na Ethiopia. Mgonjwa anatetemeka, kipimo kinatoa mstari wa C peke yake, anarudishwa nyumbani bila dawa, na mbu anamchukua kimelea yuleyule kumpeleka kwa mwingine. Yaani kipimo chenyewe kinawasaidia wasiokamatika kuzaana. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi ibadilishe vipimo pale wagonjwa ambao kipimo kinawakosa kwa sababu hiyo wanapovuka asilimia 5. Vipo vinavyotafuta kimeng'enya cha pLDH, ambacho kimelea hakiwezi kukiacha kirahisi, na ambacho hutoweka upesi vimelea vikifa. Shida yake, vingi kati ya hivyo havinasi vimelea vikiwa vichache kama vipimo vya HRP2 vinavyoweza.

Kwa hiyo homa ikiwa kali na mstari ukawa mmoja, mimi huomba slaidi, hata foleni ikiwa imefika nje. Wenzangu wa zamu hunung'unika, na siwalaumu: slaidi moja ukiisoma vizuri inakula muda.