Chaika, gari la wakubwa lililotoka mtaani kwetu

Ninaishi Nizhny Novgorod, mji wa Urusi ulio kando ya mto Volga, katika eneo la Avtozavod lililojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha magari cha GAZ. Zama za Sovieti mji huu uliitwa Gorky na ulifungwa kwa wageni; Mtanzania kama mimi asingepanga chumba hapa. Wengi nyumbani huniuliza habari za baridi na viza. Leo naomba niwasimulie habari za gari.

Gari hilo ni Chaika, jina la Kirusi la ndege shakwe. Lilianza kuundwa hapa mwaka 1959. Wakati ule kila cheo kilikuwa na gari lake. Wajumbe wa Politburo, kamati ya juu kabisa ya chama tawala cha Kikomunisti, walipanda magari ya ZIL ya Moscow. Mawaziri, mabalozi na makatibu wa kwanza wa chama mikoani walipewa Chaika. Wa chini yao walipanda magari meusi yaliyoitwa Volga, kama mto. Sisi tuliozoea kusimamishwa barabarani ili mashangingi ya serikali yapite tunaelewa haraka mpango huo. Moscow barabara kuu zilikuwa na njia ya katikati iliyoachwa kwa magari ya wakubwa tu.

Gari lililoitangulia, ZIM, mtu binafsi aliweza kulinunua akiwa na rubo 40,000, fedha ambazo mfanyakazi wa kawaida hakuwa nazo. Chaika haikuuzwa kabisa. Ukiwa na pesa, usingeipata. Ukiwa na cheo, ilikufuata mlangoni na dereva wake.

Mzee jirani yangu, mstaafu wa kiwandani, ndiye aliyenionyesha moja kwa karibu, kwenye jumba la makumbusho la kiwanda. Ni gari refu, mita 5.6, lenye mapezi nyuma. Umbo lake limefuata sana magari ya Packard ya Marekani za miaka ya 1950. Ndani hakuna mti wa gia. Kushoto kwenye dashibodi kuna vitufe, dereva anabonyeza na gia inaingia yenyewe. Injini ni ya silinda 8, lita 5.5, nguvu ya farasi 195. Nyuma ya kiti cha dereva kuna viti viwili vya kukunja, kwa hiyo watu 7 wanaenea. Mzee alipapasa kromi kwa kiganja akaniambia, "Hii tuliing'arisha kwa mkono, mwanangu." Kwa zaidi ya miaka 20 zilitengenezwa elfu tatu na ushee tu. Kiwanda hichohicho kilitoa malori kwa maelfu kwa maelfu.

Halafu likatokea jambo ninalolipenda kuliko yote. Chaika zilizochakaa kazini zilipelekwa kubeba maharusi. Kuanzia miaka ya 1970 binti wa kiwandani na mchumba wake waliweza kukodi gari la waziri kwa saa chache, mwanasesere amefungwa kwenye boneti, pete mbili kubwa za dhahabu juu ya paa. Hata sasa, Jumamosi za kiangazi, huwa naiona moja imeegeshwa juu ya ngazi za Chkalov, maharusi wakipiga picha huku Volga ikionekana chini.

Chaika ya pili, GAZ-14, iliingia mwaka 1977. Ya mwanzo kabisa, yenye rangi ya damu ya mzee, alizawadiwa Brezhnev, kiongozi wa Sovieti, alipotimiza miaka 70, Desemba 1976. Zilitoka 1,100 hivi, zikiunganishwa kwa mkono. Mwaka 1988, wakati Gorbachev, kiongozi wa Sovieti wa wakati huo, akipiga vita marupurupu ya viongozi, uzalishaji ukasimamishwa, na michoro pamoja na mitambo ya kuifinyanga ikaharibiwa.

Kupinga marupurupu ilikuwa haki, na ningependa kuyaona yakipingwa hata kwetu. Lakini mkubwa aliyepokonywa Chaika alipewa gari jingine. Aliyepoteza ni fundi, aliyeona kazi yake ya miaka mingi ikivunjwa chuma kwa chuma kwa kosa la abiria. Wangeweza kufunga karakana na kuhifadhi michoro. Hilo nalisema kwa uchungu, kwa sababu ninaishi na mafundi hawa jengo moja.

Matokeo yake yapo hadi leo. Anayetaka kufufua GAZ-14 hana kiwanda cha kuagizia bodi wala taa: atafute gari bovu alinyofoe, au ampate fundi wa kumchongea kipuri kimoja kimoja.